Ushauri: Man United watainuka msimu huu ama nitabaki na huu mzigo?

GunaWaMuthurwa
Wadau, habari za jioni. Kwanza mjue mimi ni Arsenal damu, msidhani nimehama. Nauza jezi Muthurwa, kibanda kidogo tu. Kuna jamaa anafunga biashara yake, ananiachia jezi 180 za Man United kwa shilingi 350 kila moja. Bei ya kutupa. Walio kwenye hii kazi wanajua: United wakishinda Jumapili, Jumatatu asubuhi unauza mpaka ile uliyotundika ya maonyesho. Wakichapwa, mteja anapita mbele yako akiangalia simu.

Swali langu ni kwa wanaofuata mambo ya ofisini. Tangu Ratcliffe, yule tajiri aliyenunua sehemu ya timu, aingie wamefukuza, wameajiri, wamefukuza tena. Hii timu inajengeka ama ni kelele? Nahitaji jibu kabla ya Ijumaa. Usingizi umekataa kabisa.

MhasibuDonholm
Swali zuri, ila wengi hulijibu kishabiki. Ratcliffe alikamilisha ununuzi wake Februari 2024, zaidi kidogo ya robo ya hisa. Wenye timu bado ni kina Glazer. Yeye alichopewa ni usukani wa mambo ya mpira. Sasa hesabu viti. Arnold, mtendaji mkuu, alikuwa ameshaondoka tangu Novemba 2023. Murtough, mkurugenzi wa mpira, akafuata Aprili 2024. Akaletwa Berrada kutoka Man City awe mtendaji mkuu, Wilcox kutoka Southampton awe mkurugenzi wa ufundi, na mkurugenzi wa michezo Ashworth wa Newcastle, ambaye walimsubiri miezi na bado wakalipa ili aachiliwe. Ashworth akaanza kazi Julai, Desemba hayupo! Kocha Ten Hag aliongezewa mkataba Julai hiyo hiyo, Oktoba akaonyeshwa mlango. Hata Ferguson, kocha wao wa zamani, alikatiwa mkataba wa ubalozi ili kubana matumizi. Amorim, kocha aliyemfuata Ten Hag, naye akamaliza ligi nafasi ya 15 kwa pointi 42, na fainali ya Europa kule Bilbao wakawaachia Tottenham.

Lakini wewe Guna ndiye ungetufundisha sisi. Kocha wa Arsenal, Arteta, alimaliza wa 8 mara mbili mkamvumilia, baadaye mkamaliza wa pili kila mwaka, 2023 hadi 2025. Ofisi hujenga ikikaa. United nawapa misimu mitatu, kwa sharti kwamba hawa wa sasa hawatafukuzana.

Konda46
"Wa pili kila mwaka." Mhasibu, hapo umemsifu ama umemtukana? 😂

Guna, hizo ni jezi za timu iliyotolewa na Grimsby wa daraja la nne, penati 12-11. Alhamisi yake abiria wa United kwa gari langu hawakudai hata chenji. Mimi naomba wachapwe kila Jumatano.

MzeeWaZiwani
Vijana, mnajua karani wa Manchester anaitwa nani, lakini ukiwauliza bingwa wa ligi ya Kenya mnababaika. Msimu wa 2024/25 walikuwa Kenya Police, na lilikuwa taji lao la kwanza. Sisi tulikuwa tunaenda City Stadium kwa miguu kutazama Gor Mahia na Ingwe, yaani AFC Leopards, na kuna siku nilirudi nyumbani na kiatu kimoja, marehemu mama akanifungia nje. Huo ndio ulikuwa mpira. Mwezi wa nane 2025 hapa Kasarani tuliipiga Morocco 1-0 tukiwa watu kumi uwanjani, chini ya Benni McCarthy, aliyekuwa akifundisha washambuliaji wa hao hao Manchester. Uza jezi za Harambee Stars kijana. Na ulale mapema.

GunaWaMuthurwa
Heshima mzee. Jezi za Stars niliuza wakati wa CHAN, ile michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, nikaongeza mzigo, Madagascar wakatutoa. Zile nilizoongeza bado ninazo. Tafadhali turudi kwa swali.

ShangaziGikomba
Mwanangu, mimi Berrada simjui wala huyo Ashworth. Ninachojua ni nguo. Hizo jezi kifuani zimeandikwa nini?

GunaWaMuthurwa
Ni jezi safi shangazi. Kitambaa kizito, mshono wa kwapani ni mara mbili, nimevuta haukuachia. Tujadili timu kwanza.

ShangaziGikomba
Nimeuliza kifuani.

GunaWaMuthurwa
TeamViewer.

Konda46
Wueh!

MhasibuDonholm
Hiyo ni jezi ya 2023/24, mdhamini wa zamani. Snapdragon wako kifuani tangu msimu wa 2024/25.

ShangaziGikomba
Na mgongoni?

GunaWaMuthurwa
Si zote zina majina. Nyingi ni Rashford 10, zinazofuata ni Garnacho 17, Mainoo ni chache. Kabla hamjacheka, Rashford alienda Barcelona 2025 kwa mkopo, na mkopo hurudi. Pili, hii ndiyo jezi ya msimu waliochukua Kombe la FA mbele ya City, Mei 2024, na waliofunga ni Garnacho na Mainoo. Kuna watu hununua kumbukumbu. Mnasahau kwamba bei ni 350.

MhasibuDonholm
Namba 10 amepewa Cunha. Garnacho ameuzwa Chelsea. Guna, uliuliza kama ofisi inafanya kazi. Inafanya, na ndiyo iliyokuulia mzigo. Wakizidi kusafisha kikosi, gunia lako linazidi kuzeeka. Wakichukua ligi Mei ijayo mteja atakuja akitaka Cunha na Mbeumo. Wakishuka daraja hatakuja. Ungeeleza haya mapema nisingeandika aya mbili juu ya Ashworth.

MamaChamaUmoja
Umeshalipa?

GunaWaMuthurwa
Nusu tu.

MamaChamaUmoja
Pesa za nani?

GunaWaMuthurwa
Za chama, lakini zamu yangu ya kupokea ni mwezi ujao, kwa hivyo nimezitangulia tu, sijaiba. Mweka hazina ni mke wangu.

MamaChamaUmoja
Anajua?

GunaWaMuthurwa
Anajua nina biashara.

MamaChamaUmoja
Loo. Kwetu kuna mwenzetu "alitangulia" hivyo hivyo akanunua mashine ya kuangulia vifaranga. Stima ikapotea usiku kucha, mayai yote yakaharibika, na hadi leo tukikutana sokoni anavuka barabara. Wewe mwambie mkeo leo. Asikie kwako, asisikie kwa yule anayefaa kupokea mwezi huu.

GunaWaMuthurwa
Mama nimekusikia, lakini nikimwambia leo atanikataza, na nusu yangu itapotea kwa sababu jamaa alisema harudishi. Nikimaliza kulipa Ijumaa, angalau nitamwonyesha mali.

FundiLuthuli
Ngojeni kidogo. Huu uzi unanuka. Muuza jezi wa Muthurwa hajui TeamViewer ni ya zamani? Kijana wangu yuko darasa la tano na anajua. Mke mweka hazina, jamaa asiye na jina, Ijumaa, usingizi umekataa… hii ni tamthilia. Kwa maoni yangu hakuna jamaa yeyote. Mwenye mzigo ni huyu huyu Guna, amebaki nao tangu mwaka juzi, sasa anatafuta mjinga wa kumtwika. Ameshatutajia idadi, bei, kitambaa mpaka mshono. Si hilo ni tangazo?

Konda46
Aaah! Na mimi nilikuwa nimeanza kumhurumia shemeji.

MzeeWaZiwani
Nilijua tangu mwanzo. Gunner gani wa Arsenal anaulizia afya ya United?

GunaWaMuthurwa
Fundi unanivunjia heshima. Nimeweka picha ya gunia hapo chini. Kibanda changu kila mtu anakijua.

FundiLuthuli
Nimeiona. Magunia ni mawili na ukuta ni wa ndani ya nyumba, kuna kalenda na friji. Ulisema bado ziko kwa jamaa.

GunaWaMuthurwa
Sikusema ziko wapi.

ShangaziGikomba
Za kwake ama si za kwake, majina hayo yanatoka. Weka karatasi, pitisha pasi ya moto wa wastani, kisha ubandue polepole ukianzia pembeni. Ila alama hubaki, ukiinua kwenye mwanga bado unasoma Rashford. Zisizo na majina peleka shule na timu za mtaani. Hao hutaka nyekundu tu, hawaulizi kifua.

Konda46
Timu yetu Kawangware inahitaji jezi, na hatuna pesa ya kuchagua. Refa atakubali wote kumi wakiwa Rashford 10?

GunaWaMuthurwa
Refa wa mtaani mnunulie soda. Unataka saizi gani? Ukichukua kumi na tano nakufanyia 450.

FundiLuthuli
450! Na juu umeandika 350.

GunaWaMuthurwa
350 ni ya kununua. Konda, njoo inboksi.

MamaChamaUmoja
Mkeo umemwambia?

KijanaWaSyokimau
Sijasoma zote, lakini kwa maoni yangu Berrada apewe muda.