Pasi zinapokwama, tumlaumu kwotabeki au safu inayomkinga?

Swali

Ndugu wadau, naomba mnisaidie katika jambo ambalo limenisumbua kwa muda mrefu. Kila timu ya NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, inaposhindwa kusonga mbele kwa pasi, wachambuzi hugawanyika makundi mawili: kuna wanaomshukia kwotabeki, yaani mchezaji anayerusha pasi, na kuna wanaowashukia wale wakingaji watano wanaosimama mbele yake. Msimu wa 2024 niliwafuatilia kwa karibu Chicago Bears, ambao kwotabeki wao Caleb Williams, kinda aliyechaguliwa wa kwanza kabisa timu zilipogawana wachezaji wapya mwaka ule, aliangushwa mara 68, yaani alikamatwa na wapinzani kabla hajaurusha mpira. Kuna nyakati nilimwonea huruma, kwa sababu adui alikuwa ameshamfikia kabla hajamaliza hata kuinua macho. Kuna nyakati nyingine, hata hivyo, alibaki na mpira mkononi, akakimbilia kushoto, akarejea kulia, mpaka nikajikuta naiambia runinga, "Uachie, kijana, uachie!" Katika takwimu matukio hayo mawili huandikwa kwa namna moja, yaani ameangushwa, ingawa ukiyatazama kwa macho hayafanani hata kidogo.

Mtazamaji wa kawaida, ambaye hajui timu ilipanga kufanya nini, atatambuaje kosa ni la nani?

Jibu la kwanza

Ndugu muulizaji, mimi naanza na safu ya wakingaji, na ushahidi wangu ni Patrick Mahomes, kwotabeki wa Kansas City Chiefs, kwa sababu hakuna anayeweza kudai kwamba hajui kurusha mpira.

Katika Super Bowl, yaani fainali ya NFL, ya Februari 2021, Chiefs walifungwa 31 kwa 9 na Tampa Bay Buccaneers, na hawakupata tachidauni hata moja, yaani hawakuufikisha mpira katika eneo la mwisho la mpinzani. Wakingaji wao wawili wa pembeni, Eric Fisher na Mitchell Schwartz, walikuwa majeruhi, kwa hiyo safu ilipangwa upya kwa kuwahamisha watu kutoka nafasi zao na kuwaingiza wa akiba. Mahomes alitumia usiku ule kukimbia. Alibanwa mara 29, idadi ambayo haikuwahi kuonekana katika fainali hiyo, na baadhi ya pasi alizirusha akiwa hewani, mwili umelala sambamba na nyasi, na bado mpira ukamfikia mpokeaji usoni ukadondoka. Angekuwa kwotabeki asiye na jina, kesho yake tungesoma kwamba hafai.

Viongozi wa Chiefs hawakumgusa kwotabeki, wakaibomoa safu. Walimleta Orlando Brown, wakamsajili Joe Thuney, wakawachagua makinda Creed Humphrey na Trey Smith. Miaka miwili baadaye, katika fainali ya Februari 2023, wanne kati ya wakingaji watano walioanza hawakuwamo katika safu ya ile fainali ya kwanza. Mbele yao walisimama Philadelphia Eagles, ambao katika msimu ule wa kawaida walikuwa wamewaangusha makwotabeki mara 70. Usiku ule hawakumwangusha Mahomes hata mara moja, na Chiefs wakashinda 38 kwa 35. Kwotabeki ni yule yule na kocha ni yule yule. Ukibadilisha kitu kimoja na matokeo yakageuka kiasi hicho, sioni sababu ya kuendelea kubishana kuhusu chanzo.

Jibu la pili

Naheshimu hoja ya mwenzangu, lakini ameonyesha upande mmoja tu wa jaribio. Yeye ametuonyesha kwotabeki mmoja nyuma ya safu mbili. Mimi naomba tutazame safu moja ikiwa na makwotabeki wawili.

Mwaka 1986 Eagles waliruhusu makwotabeki wao waangushwe mara 104, rekodi ya NFL ambayo haijavunjwa hadi leo. Ukiisikia namba hiyo peke yake, utadhani wakingaji walikuwa wamelala uwanjani. Sasa igawanye kwa majina: Ron Jaworski alirusha pasi 245 na akaangushwa mara 22, wakati Randall Cunningham, aliyekuwa kijana mwenye mbio za ajabu, alirusha pasi 209 na akaangushwa mara 72. Timu ni moja, msimu ni mmoja, lakini wa pili aliangushwa zaidi ya mara tatu ya mwenzake kwa pasi chache zaidi. Jaworski aliujua umri wake na aliujua mpira. Alipoona mlango unafungwa aliurusha. Cunningham aliamini miguu yake ingemtoa, na mara nyingi ilimtoa kweli, ila zile mara ambazo haikumtoa ndizo zilizoandikwa.

Mtazameni pia Dan Marino, kwotabeki wa Miami Dolphins. Hakuwa na mbio, na mwaka 1988 alirusha pasi 606 huku akiangushwa mara sita tu. Safu yake ilikuwa nzuri, sikatai, lakini hakuna safu duniani inayoweza kumlinda hivyo mtu anayeshika mpira kwa sekunde nne. Mkono wake ulikuwa mwepesi kiasi kwamba adui alifika na kukuta mpira umeshaondoka. Kwa maoni yangu, tabia ya kuangushwa humfuata kwotabeki anapohama timu, kama mtu anavyohama na mwendo wake.

Jibu la tatu

Wakuu, nilicheza nafasi ya mkingaji wa pembeni kwa miaka kadhaa, na naona jambo moja halijasemwa: mkingaji hamwoni kwotabeki wake. Amempa mgongo tangu mwanzo hadi mwisho wa tukio. Anachokilinda ni mahali alipoambiwa kwamba mtu atakuwapo.

Chukua mfano huu. Mpango unasema kwotabeki atarudi nyuma yadi saba au nane, asimame, kisha arushe. Adui anayetokea pembeni anakuja kwa kupinda, kama mtu anayezunguka kona ya nyumba, na mimi siwezi kumsimamisha kifua kwa kifua kwa sababu ana mbio kuliko mimi. Kazi yangu ni kwenda naye bega kwa bega, kumsukuma kidogo kila hatua, ili mzunguko wake uishie nyuma ya mgongo wa kwotabeki. Kwotabeki akiwa mahali pake, anapiga hatua moja mbele na adui anapita akikumbatia upepo. Lakini kwotabeki akiingiwa na wasiwasi akarudi hadi yadi ya kumi na moja, nimemsukuma adui moja kwa moja mpaka miguuni pake. Runinga itarudia tukio mara tatu, mtangazaji atasema mkingaji amezidiwa, na jina litakalosomwa ni langu.

Presha ya katikati ni habari tofauti kabisa. Mchezaji wa katikati na wale wawili walio ubavuni mwake wakisukumwa nyuma, kwotabeki hana pa kupigia hiyo hatua ya mbele, hawezi kunyoosha mkono vizuri, na hata akirusha, mpira utaelea. Hapo mimi simlaumu kwotabeki hata kidogo. Vivyo hivyo maadui wawili wanapopishana, mmoja akaingia nafasi ya mwenzake, na mkingaji akamfuata wa kwanza badala ya kumwachia jirani yake: pengo linafunguka pana kama lango, na hilo ni kosa la wakingaji kutosemezana.

Sasa kuna adui yule anayekuja bila kuguswa na mtu yeyote, ambaye watazamaji wengi humhesabu haraka haraka kuwa ni uzembe wa safu. Subirini kidogo. Wakingaji ni watano. Wapinzani wakileta watu sita, na hakuna mchezaji mwingine aliyebaki nyuma kusaidia, yule wa sita ni mali ya kwotabeki. Kabla mpira haujaanza kuchezwa alipaswa kumwona, ama abadilishe mpango wa ukingaji, ama ajue mapema atauachia kwa nani. Akiangushwa na mtu huyo wa sita, wakingaji wamefanya kazi yao yote.

Kwa hiyo, ndugu muulizaji, dawa yako ni saa. Anza kuhesabu mara mpira unapomfikia kwotabeki. Presha ikifika kabla ya sekunde mbili na nusu wakati maadui ni wanne au watano, ielekeze lawama kwenye safu. Ikifika baada ya sekunde tatu na zaidi, mtazame kwotabeki, kisha watazame wapokeaji, kwa sababu inawezekana hakuna aliyekuwa wazi. Kipimo hiki hakina uhakika wa asilimia mia, lakini kinatenganisha matukio mengi.

Nirudi kwa mdau wa pili kuhusu mwaka 1986. Namba zake ni za kweli, ila kuna jambo linalozipunguzia uzito. Kocha Buddy Ryan alikuwa na mtindo wa kumwingiza Cunningham katika jaribio la tatu kati ya manne ambayo timu hupewa kusogeza mpira yadi kumi, yadi zinazohitajika zikiwa nyingi. Hapo kila mtu uwanjani anajua pasi inakuja, maadui wanakimbia bila kuhofia chochote, na wapokeaji wanahitaji muda mrefu kufika mbali. Jaworski alipewa majaribio mepesi zaidi. Tofauti yao ilikuwapo, lakini sehemu yake aliitengeneza kocha.

Naye kocha tunamsahau kila siku katika ubishi huu. Kwotabeki Andrew Luck aliangushwa mara 41 mwaka 2016 akiwa Indianapolis Colts, na mwaka 2018 aliangushwa mara 18 tu ingawa alirusha pasi 639. Ni kweli Colts walimchagua Quenton Nelson mwaka ule, na mkingaji yule alikuwa mlima. Lakini pia alikuja kocha Frank Reich, na mipango yake ilimtaka Luck auachie mpira mapema. Inaniuma mpaka leo kwamba nafuu ile ilimkuta mwili umeshachoka. Agosti 2019 alitangaza kustaafu akiwa na miaka 29.

Muulizaji

Nawashukuru sana, hasa kwa lile la yadi ya kumi na moja. Sikuwahi kufikiri kwamba kwotabeki anaweza kujipeleka mwenyewe mikononi mwa adui ambaye tayari alikuwa ameshindwa. Nina nyongeza moja. Katika Super Bowl ya Februari 2025, Eagles waliwafunga Chiefs 40 kwa 22 na kumwangusha Mahomes mara sita, bila kuongeza mtu wa tano wa kushambulia hata mara moja. Kwa kipimo chenu, hilo tuliweke wapi?

Jibu la tatu, kwa mara ya pili

Ni tukio gumu kuliko yote tuliyoyataja. Watu wanne wanapowashinda watano, safu haina utetezi, na kumbuka kwamba Joe Thuney, ambaye kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa ya ndani, alikuwa amehamishiwa pembeni kushoto kuziba pengo. Lakini kushambulia kwa wanne tu kuna maana ya pili: wengine saba wamebaki nyuma kuwafunika wapokeaji. Yaani Mahomes alikuwa na muda mfupi na hana wa kumpa mpira, vyote kwa pamoja. Ukiirudia mechi ile, tukio kwa tukio, usimwangalie yeye kwanza. Simamisha picha katika sekunde ya pili, uhesabu wapokeaji walio wazi, ndipo uiache iendelee.