Naombeni ushauri: katuni zangu zinatembea lakini hazifikirii, niende darasa la uigizaji Nakuru?

Mwalimu_Katuni
Hamjambo wadau. Mimi ni mwalimu wa JSS (sekondari ya chini) upande wa Ahero, nafunza Sayansi, na usiku natengeneza animesheni za masomo kwa Blender, ile programu ya kompyuta ya katuni, laptopu ni mzee lakini inasukuma. Shida ni hii. Nina mhusika anaitwa Min Apiyo, anatakiwa aepue sufuria ya uji halafu aelezee watoto vile joto linapita kwa chuma. Mkono unaenda, sufuria inainuka, mdomo unafunguka, kila kitu kiko, lakini ukimwangalia hakuna mtu ndani. Nilionyesha darasa langu, kijana mmoja wa nyuma akauliza "mwalimu, kwani huyu mama amekufa?" na hakuwa anacheka.

Sasa jana Jumamosi nikaingia darasa moja la uigizaji Nakuru, siku ya kwanza ni bure. Mwalimu wa pale akaniita mbele, akasema tafuta ufunguo uliopotea. Nikashika kichwa, nikapindua viti, watu wakapiga makofi. Halafu akasema sawa, sasa simu yako nimeificha hapa ndani, itafute kabla sijahesabu hamsini. Wadau, sikushika kichwa. Nilinyamaza kabisa, macho yakaenda dirishani, yakarudi kwa mfuko wa jamaa fulani, mwili ndio ukafuata nyuma. Miaka miwili nimekuwa nikikosea hapo tu.

Darasa liliisha saa kumi na mbili jioni, na saa mbili usiku nikimlaza mtoto wangu bado nilikuwa nafikiria hayo macho. Kozi ni miezi mitatu. Mtu wa animesheni anahitaji kweli kusomea uigizaji ama video za YouTube zinatosha? Tafadhali msinitukane.

BabaIvy_Kitale
Ndugu mwalimu, shukuru Mungu una kazi. Subiri TSC, tume ya walimu, wakuchukue kabisa, pensheni iko, mkopo uko. Mimi 2016 niliacha duka la watu nikaingia kuku wa mayai, kuku 300, ugonjwa wa Newcastle ukapita wiki moja nikabaki na 41. Hao 41 ndio walinisomesha, kwa sababu niliwajua mmoja mmoja. Leo nauzia hoteli tatu. Kama unataka kitu cha pembeni njoo nikuonyeshe mambo ya kuku, katuni achia vijana wasio na majukumu.

MzeeWaJukwaa
Mwalimu usisikize mambo ya kuku, samahani Baba Ivy. Hilo zoezi la simu lina wenyewe. Asili yake ni Stanislavski, yule Mrusi aliyeanzisha Moscow Art Theatre mwaka 1898 pamoja na Nemirovich-Danchenko. Yeye alikuwa anawauliza waigizaji wake, wewe hapa unataka nini, na nini kinakuzuia? Ukijua hayo mawili mwili unajipanga wenyewe. Ukianza na kushika kichwa umeanza na mkia.

Nimefunza drama za shule huku magharibi miaka mingi, hizi tamasha za kitaifa ziko tangu 1959 na mimi nimepanda nazo kutoka zoni hadi mkoa mara sijui ngapi. Mwaka mmoja nilikuwa na msichana wa kidato cha tatu anaigiza mjane. Analia kwa amri, machozi kweli kweli, sisi sote tunashangilia. Kwa zoni jaji akatuambia, huyu analia vizuri, lakini analilia nini? Nilikasirika usiku mzima. Asubuhi nikamwambia msichana leo usilie, leo wageni wa matanga wamefika na sahani hazitoshi, wewe hesabu sahani. Akahesabu. Akafika kumi na moja akasimama, akaanza tena kutoka moja. Mama wa jikoni waliokuwa wanapitisha chai wakaweka birika chini. Hiyo ndiyo kazi, mwalimu, na Min Apiyo wako anahitaji sahani zake za kuhesabu.

NyarDunga
Mzee hiyo ya sahani imenishika. Lakini mwalimu, hujasema kozi ni pesa ngapi, na hujasema kila Jumamosi utatoka Ahero saa ngapi ndio ufike Nakuru. Madam nyumbani anasemaje?

Mwalimu_Katuni
Ni 24,000 miezi yote mitatu. Mke wangu anajua napenda hii kazi. Tafadhali tusitoke kwa swali, nauliza kama uigizaji unasaidia animesheni.

FundiFremu
Unasaidia, na nakuambia kama mtu anayekula kwa hii kazi. Wachoraji wa Disney zamani walikuwa na kioo juu ya meza, mtu anajikunja sura mwenyewe kwanza ndio achore. Mimi natumia simu, najirekodi mara tano sita. Tofauti ni kwamba mwigizaji wa jukwaani sekunde ikipita imepita, sisi sekunde moja ni fremu 24, yaani picha 24, unaweza kushinda nayo kutoka asubuhi mpaka stima ipotee, na ile hisia uliyoanza nayo lazima uishikilie ikiwa moto hadi fremu ya mwisho. Hapo ndipo wengi tunaanguka, asubuhi mhusika ana wasiwasi, kufika jioni ana usingizi kwa sababu wewe ndio una usingizi.

Na uzito. Enda Dunga, ufuo wa wavuvi pale Kisumu, asubuhi uangalie wale mama wa samaki wakiinua karai. Hakuna anayeinua kwa mkono. Anaangalia, anapanga miguu, anashusha pumzi, kiuno kinaanza, karai ndio la mwisho. Rekodi hiyo, lakini omba ruhusa.

NyarDunga
Fundi kweli, mamangu alikuwa hivyo, hata kabla hajagusa karai tulikuwa tunajua leo samaki ni nyingi ama kidogo kwa vile anavuta leso kiunoni. Lakini mwalimu hujanijibu. Kujua unapenda si kujua umeenda. Umelipa ama hujalipa?

Mwalimu_Katuni
Sawa. Nimelipa 10,000 ya kwanza. Na barua ya kuacha kazi nilipeleka wiki mbili zimepita. Kwa sasa niko Nakuru kwa binamu yangu, mtaa wa Free Area, nyumbani wanajua shule imenituma semina ya wiki tatu.

Kabla hamjanirukia, nisikizeni. Sisi intern, walimu wa muda, ni 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, na darasani nimesimama na watoto sabini na chaki mbili. Nikichora joto likipita kwa chuma wanaelewa mara moja, hata wale wanaolala. Si kwamba nimetoroka kufunza, nataka kufunza wengi zaidi. Kuna mtu wa masomo ya mtandaoni anasubiri sampuli ya dakika mbili, akiipenda atanipa masomo kumi. Nikimwambia mke wangu kabla sijashika kitu mkononi atalala na wasiwasi bure. Nilitaka nirudi na jibu.

Shemeji_Bungoma
Hapo umekosea mwalimu wangu, na si mambo ya katuni. Mke unamwambia hata kama ni mbaya, mkeo si mwanafunzi wa kupewa matokeo mwisho wa muhula. Dadangu aliwekwa gizani hivyo hivyo, siku alijua haikumuuma pesa, ilimuuma kwamba majirani walijua mbele yake.

BabaIvy_Kitale
Barua ya kuacha kazi inaweza kurudishwa kama hawajaijibu. Enda Jumatatu asubuhi mapema kabla mkuu hajaingia mkutano.

Mpelelezi254
Wadau ngojeni kidogo, mnalia bure. Someni posti ya kwanza tena. Darasa Nakuru limeisha saa kumi na mbili jioni. Saa mbili usiku anamlaza mtoto, na mtoto yuko Ahero. Nakuru mpaka Kisumu ni kilomita 180 na ushee, upite Mau Summit na malori, ushuke Kericho, kwa matatu ni masaa matatu na nusu ukibahatika. Alipaa? Hii ni tangazo. Kesho mtaona jina la darasa na namba ya Till ya kulipia kwa M-Pesa.

Kondele_Finest
Eeh hata mimi niliona hiyo hadithi ya simu imepangika sana. Mwalimu weka namba ya Till tumalize.

MzeeWaJukwaa
Vijana taratibu. Mwalimu, jibu.

Mwalimu_Katuni
Sitaji jina la darasa na sina Till. Namlaza kwa simu. Mama yake anaweka spika kando ya mto, mimi namsimulia Sungura na Fisi. Jana nilikuwa jikoni kwa binamu, nimekaa juu ya ndoo ndio nisisumbue watu. Kila siku Fisi nampa sauti nzito na mtoto anacheka. Jana nikasema hebu huyu Fisi afikirie kwanza, ana njaa na anaona aibu kuomba. Nikanyamaza kidogo kabla hajaongea. Mtoto akauliza, "baba, kwani Fisi anaogopa?" Ana miaka minne. Sikuwa nimesema anaogopa.

Mpelelezi254
Sawa, hapo nimekuelewa. Samahani mwalimu.

FundiFremu
Mimi namwamini lakini wacha tumalizane. Mwalimu, kwa ile klipu ya sufuria, macho ya Min Apiyo yanaanza kusonga fremu gani, na mkono fremu gani?

Mwalimu_Katuni
Nimefungua sasa hivi. Macho fremu ya 1. Kichwa ya 1. Mkono ya 1.

FundiFremu
Ndio maana amekufa. Macho yabaki hapo, kichwa sogeza mpaka 5, mkono usiondoke kabla ya 14. Katikati ya hapo muulize anachotaka. Labda hana kitambaa cha kushikia na watoto wanamwangalia.

NyarDunga
Na mama mtoto, mwalimu?

MzeeWaJukwaa
Mpigie leo. Na usipange maneno, ukipanga atasikia.

Mwalimu_Katuni
Nimerudi. Fundi, nimeweka 5 na 14, halafu nikamtolea kitambaa. Anaangalia leso yake, anaangalia sufuria, anakunja ncha ya leso mara mbili. Nimeiangalia kama mara ishirini, nitaweka klipu hapa ikimaliza kutoka.

Nyumbani nimepiga. Alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. Amesema nirudi Jumanne tuongee uso kwa uso, nauli atatuma yeye. Kuhusu barua hajasema kitu bado.