Mhasibu kala michango ya bima ya vijana wangu miezi mitano, kadi hazisomi, mwizi naonekana mimi!!

Kamwene wakuu. Naandika hapa mikono inatetemeka kwa hasira, mnivumilie.

Mimi niko Mafinga, nina dingdong moja (mashine ya kupasua mbao) na vijana 12, tunapasua misonobari. Juzi usiku mtoto wa fundi wangu wa msumeno kabanwa kifua, si mnaijua baridi ya huku mwezi wa saba, mama yake kamkimbiza hospitali na kadi mkononi, kufika dirishani anaambiwa kadi haisomi, mwajiri hajalipa, toeni keshi. Saa nane ya usiku! Baba mtu kagonga milango ya majirani mmoja mmoja mpaka hela ikatimia. Mtoto anaendelea vizuri namshukuru Mungu, ila asubuhi yule kijana kaja getini, hakunitukana wala nini, kanishikisha slipu tano za mshahara, zote zina makato ya bima, zote zina saini yangu. Akaniuliza, "Mama, hela yetu ilienda wapi?" Nilikosa pa kuuweka uso wangu.

Na hela nilitoa kila mwezi! Mchango wa bima ya taifa ni asilimia 6, mfanyakazi anakatwa 3 na mimi naongeza 3, kijana wa laki tatu ni 9,000 yake na 9,000 yangu, hiyo 18,000 ndo inamtibu yeye na mkewe na wategemezi mpaka wanne. Nilikuwa namkabidhi mhasibu wa mkataba mkononi akalipe maana mimi nashinda porini kwenye magogo, jioni ananirushia risiti wasapu. Risiti za kuchonga. Nimezipeleka benki, zile kontrol namba hakuna hata moja iliyowahi kulipiwa.

Kupekua slipu vizuri nikakuta kubwa zaidi. Ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ile nusu asilimia, ni ya mwajiri peke yake, mfanyakazi haruhusiwi kukatwa hata mia, huyu bwana alikuwa anawakata vijana! Watu wanaosimama mbele ya msumeno kutwa nzima, siku kidole kikienda wangelipwa na nani jamani??

Nimempigia, anasema "dada tulia tutaongea". Tuongee nini, wakati dirishani hawamjui yeye, wanajua jina la kiwanda changu, na kisheria anayedaiwa ni mwajiri sio mhasibu.

Halafu kuna wenye mashine wenzangu huku wanasema afadhali wao hawajawaandikisha kabisa. Hilo limeniuma kuliko hata wizi. Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa 2023, inamtaka mwajiri aandikishe watu wake, na hata isingekuwepo, kijana anakubebea magogo mwaka mzima unamuachaje ajitibu kwa kukopa?

Bili ya hospitali nimemrudishia yote, na makato ya vijana wote nitayarudisha mimi hata kama ni kuuza mzigo wa mbao kwa bei ya hasara. Jumatatu napanda gari kwenda Iringa mjini ofisi za mfuko wa bima kuomba kulipa malimbikizo kadi zifunguke. Slipu na risiti feki zote ziko kwenye bahasha.

Anayejua aniambie, kwa huyu mhasibu naanzia polisi au kwa afisa kazi?