MREJESHO: Stempu ya jahazi la Ziwa Victoria yenye herufi za vitundu

Wakuu, niliuliza kuhusu stempu ya senti 50 ya Kenya, Uganda na Tanganyika (toleo la 1938–54), iliyo kwenye bahasha kuukuu hapa Mwanza, imetobolewa herufi: ni ya aina gani, herufi hizo ni za nini, na je, zinaipunguzia thamani au ni za kughushi? Majibu yenu yamefanya kazi.

Meno ya ukingo wa stempu kwanza. Unahesabu vitundu vya ukingoni ndani ya sentimita 2, kwa mlalo kisha kwa wima. Rula inatosha kutenga aina ya 13¼ (pande zote) na ya 13×11¾ (mlalo 13, wima 11¾), kwa sababu ubavuni tofauti ni jino zima na zaidi. Robo ya jino inataka kipimo maalumu. Jino lililokatika hushusha bei kuliko mnavyodhani.

Herufi zilitobolewa na makampuni ili wafanyakazi wasiibe stempu. Uingereza ilianza 1868. Kwa mkusanyaji wa kawaida ni kasoro. Anayezitafuta hulipia herufi zinazotambulika, hasa stempu ikiwa bado kwenye bahasha yenye jina la kampuni. Kwa hiyo sikuilowanisha ili kuibandua.

Kughushi herufi kunaonekana kwa lenzi: wino wa mhuri wa posta ukikatika wima ukingoni mwa kitundu, bila kugusa karatasi ya bahasha chini yake, kimetobolewa baadaye. Yangu, wino umeingia hadi kwenye bahasha.