Mjadala: Tiketi ya Air France, ndege ya TAME. Nani alipaswa kuwajibika?

Wadau, hili naomba tulijadili kwa uzito wake.

Tarehe 20 Aprili 1998 Boeing 727 ilipaa kutoka uwanja wa El Dorado, Bogotá nchini Kolombia, kwenda Quito, Ekuado. Kwenye tiketi ilikuwa safari namba 422 ya Air France. Ndege yenyewe na marubani wake walikuwa wa TAME, shirika la Ekuado. Uwanja ule uko zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na upande wa mashariki mji umeegemea milima, kwa hiyo ndege inayopaa kuelekea huko lazima ikate kona mapema. Siku ile mawingu yalikuwa yamefunika vilele. Ndege haikukata kulia ilivyotakiwa. Ilinyoosha, na dakika chache tu baadaye ikaugonga mlima Cerro El Cable. Abiria 43 na wafanyakazi 10 wa ndege wakafa wote.

Kuna wanaosema kosa ni la rubani, na rubani ni wa TAME, basi Air France iulizwe nini? Hapo ndipo mimi nakataa katakata. Sisi wasafiri wa mabasi tunakujua kufaulishwa: umelipa nauli kwenye basi unaloliamini, njiani unahamishiwa jingine usilolijua dereva wala breki zake. Likipinduka, aliyepokea nauli yako anaweza kweli kunawa mikono? Abiria alinunua jina. Yeye hana uwezo wa kukagua mafunzo ya marubani. Mwenye jina anao, na ndiye anayeweza kusema ndege hii hairuki na watu wangu.

Upande wa fidia sheria imeshaliona. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama, unaruhusu kumdai aliyeuza safari, aliyeirusha, au wote wawili. Lakini fidia huja watu wameshazikwa. Mimi linaloniuma ni la kabla ya safari: kuambiwa. Januari 2004 ndege ya Flash Airlines, shirika la Misri, ilianguka Bahari ya Shamu muda mfupi baada ya kupaa Sharm el-Sheikh, ikaua watu 148, wengi wao watalii wa Kifaransa. Mwaka uliofuata Umoja wa Ulaya ukatunga sheria kwamba anayekata tiketi aambiwe ni shirika gani hasa litakalomrusha.

Najua ukodishaji huu wa ndege na marubani wa shirika jingine una faida zake. Kuna miji isingeona ndege bila huo. Siombi upigwe marufuku. Nataka jina la mrushaji liandikwe kwa herufi kubwa kabla sijalipa, na nikikataa kupanda kwa sababu limebadilishwa, nirudishiwe nauli yangu yote.

Wenzangu mnaosafiri kwa ndege za kuunganisha, mnaonaje? Na wewe unayemtetea muuza tiketi, ungewaambia nini ndugu wa wale 53?