Naombeni ushauri: duka la chariti linaniuzia mtumba kwa bei ya kipya, nyinyi wa Uingereza mnanunua wapi?

MamaWawili aliandika:

Heshima kwenu wakuu.

Nipo Leicester, huu ndio mwaka wangu wa kwanza. Mume wangu yuko kwenye nyumba ya kulea wazee, zamu za usiku, mimi nafanya usafi wa ofisi saa chache kwa wiki. Tuna watoto wawili, wa miaka 7 na 4. Tulipofika wenyeji walituambia msijisumbue na vitu vipya, nendeni maduka ya chariti, yale ya mashirika ya hisani yanayouza vitu watu walivyotoa bure, mtapata kila kitu kwa pauni mbili tatu. Labda zamani.

Juzi nimeingia duka moja la chariti mtaani kwetu kutafuta koti la baridi la mkubwa. Nikakuta koti la Primark (maduka ya nguo mpya za bei rahisi), la bluu, viwiko vimechujuka, zipu inakwama katikati. Bei pauni 11. Nikaenda Primark yenyewe, jipya la kufanana na lile pauni 16. Sufuria isiyo na mfuniko pauni 8. Na pale kaunta kuna kabati la kioo lenye vikombe vya maua, pembeni wamebandika karatasi waliyochapisha kutoka eBay, soko la mtandaoni, kuonyesha kwamba huko vinauzwa ghali zaidi, kwa hiyo tushukuru.

Nikamuuliza dada wa kaunta kama kuna maongezi. Akanitazama tu. Nyuma yangu kuna mzee wa Kihindi, akacheka akaniambia, "Mama, hapa hapana patana." Kumbe ni mtu wa Kampala, alikuja huku 1972 Amin alipowafukuza. Tukaongea Kiswahili mpaka foleni ikakasirika.

Kinachonikera ni hiki. Mimi nimekulia mtumba wa soko la Karume, Dar, naujua. Ule umeshalipiwa meli, ushuru bandarini na mbeba mzigo, na bado koti zuri nalipata kwa hela ninayoiweza. Huu wa huku watu wametoa bure, na nusu ya wanaouza wanajitolea bure. Ughali unatoka wapi?

Naomba kujua: (1) kupatana bei kweli haiwezekani? (2) nyinyi wenye watoto mnanunua wapi? (3) nina mifuko ya nguo zilizombana mdogo, niwapelekee hawa hawa au nizitie kwenye pipa la mizigo la kusafirisha kwenda nyumbani?

Wale wa "rudi Bongo" naomba mpite kimya.

---

Mchumi_wa_Mtaa:

Dada, mtu anachangisha pesa za wagonjwa wa saratani wewe unataka upunguziwe pauni mbili? Ukiona ghali usinunue. Biashara huria.

---

Bi_Stima:

Mchumi, punguza makali, mwenzio kaja na swali la maana.

MamaWawili, karibu Leicester. Mimi najitolea kwenye chumba cha nyuma cha duka la chariti, mji mwingine, kwa hiyo nikueleze bei inavyozaliwa.

Mfuko ukiingia tunaumwaga mezani. Vilivyolowa, vyenye ukungu na vilivyochanika vinatupwa pembeni. Vilivyobaki vinapigwa stima (mvuke wa kunyoosha mikunjo), vinatundikwa, vinapigwa tiketi. Bei hatujitungii: makao makuu yanatuletea mwongozo, fulana kiasi hiki, koti kiasi hiki. Anayepiga tiketi mara nyingi ni bibi wa miaka 70 ambaye hajaingia Primark maishani mwake. Kwake koti ni koti, haulizi jipya ni shilingi ngapi. Ndiyo maana ukipekua vizuri kwenye reli hiyo hiyo unakuta koti la sufu tupu kwa pauni 12, karibu bei moja na hilo lako la zipu mbovu. Mwongozo unapunja pande zote mbili, kazi yako ni kukaa upande unaokufaa.

Gharama zipo. Serikali haiwatozi VAT kwenye vitu walivyopewa, na kodi ya jengo ya halmashauri wanasamehewa asilimia 80. Lakini pango wanalipa, umeme wanalipa, meneja ana mshahara, na takataka ambazo watu wanazileta wakijifanya wanatoa sadaka zinalipiwa kuzolewa. Kuna watu wanatuletea mito iliyokojolewa, nisiseme mengi.

Kupatana: mtu wa kaunta hana mamlaka, usimlaumu. Ila kitu kikiwa na kasoro, mwite meneja, muonyeshe zipu, sema kwa upole kwamba imekwama, je bei hii ndiyo? Mara nyingi atapunguza. Usiseme tu "ghali", hilo wanalisikia kutwa nzima.

---

MamaWawili:

Ahsante sana Bi Stima, hapo kwenye zipu nimekuelewa. Lakini bado sijaridhika. Mimi nilidhani haya maduka yapo ili mtu wa kipato cha chini apate nguo. Kama ni hivyo mwongozo wa makao makuu unamsaidia nani?

---

Mzee_Kifimbo:

Hapo ndipo wageni wengi tunapochanganya mambo. Nipo nchi hii tangu enzi za simu za kadi, ngoja niseme.

Duka la chariti halikuanzishwa kumvisha mnunuzi. Chukulia Oxfam: ilianza 1942 kwa ajili ya njaa ya Ugiriki wakati wa vita. Watu wakaleta vitu vingi kuliko vilivyohitajika, wakafungua duka Broad Street pale Oxford mwishoni mwa miaka ya 1940 ili vigeuke pesa. Mhitaji ni yule wa mbali anayepelekewa hizo pesa. Wewe uliyeingia dukani ni mteja, kama mteja mwingine yeyote. Kwa hesabu yao, wakikuuzia rahisi wamemnyima yule.

Chariti ya kukuuzia na chariti ya kukupa ni vitu viwili. Ya kukupa ipo, na hapo ndipo wewe mwenye mtoto wa miaka 4 unatakiwa ubishe hodi. Kuna vituo wanaviita baby bank, wanatoa nguo, viatu, vitanda vya watoto, bure kabisa. Vingi vinataka uletwe na mtu: mwambie mwalimu wa shule au yule nesi wa watoto anayewatembelea, wao wanakuandikia. Wengi wenye viza kama ya mumeo wanaogopa kwa sababu kwenye viza imeandikwa huruhusiwi fedha za umma. Msaada wa chariti si fedha za umma, hauhesabiwi. Nimeona watu wanawalaza watoto na baridi kwa hofu hiyo na inaniuma.

Hata hivyo siwatetei kwa kila kitu. Duka lililopo mtaa wa watu wa kawaida, likapanga bei kwa kutazama eBay, limesahau limepangwa wapi. Miaka ile nilikuwa nanunua shati na tai na chenji inabaki.

---

Anko_Ohio:

Msidhani ni huko tu, huku Marekani kilio ni kile kile, sahani za dukani za dola moja tunauziwa dola mbili zikiwa zimetumika. Na wenzangu wengi hawajui kwamba maduka ya mtumba ya Value Village na Savers ni kampuni ya faida kabisa. Inazilipa chariti kwa ajili ya mzigo, kisha faida ya dukani ni yake.

Mimi nilihamia kwenye ghala za mwisho za Goodwill, chariti yenye maduka ya mtumba, zile wanazouza kwa kupima uzito. Nguo zimemwagwa kwenye masanduku marefu ya plastiki yenye magurudumu, unavaa glovu unachimba. Wakileta sanduku jipya lazima wote msimame nyuma ya mstari mpaka wafanyakazi waseme ruksa, halafu ni vita. Mtu wa mtumba kutoka kwetu anashinda pale, wazungu hawajui kukagua kwapa na pindo kwa sekunde mbili. Uingereza sijaziona hizo, wenyeji watasema.

---

Robota_Karume:

Salamu kutoka Dar. Nauza mtumba, nawasoma nacheka.

MamaWawili, hizo zisizonunuliwa hapo kwenu baada ya wiki kadhaa zinatolewa kwenye reli. Zinauzwa kwa kilo kwa watu wa kukusanya nguo kuukuu, wanazichambua, zinafungwa marobota, ndipo zinatufikia sisi. Na robota tunanunua likiwa limefungwa. Unalipa, unakata kamba, unamwomba Mungu. Kuna siku unafungua la makoti ya watoto unakuta nusu ni makapi.

Na siku hizi yamezidi. Kila kitu chenye jina wameshakichomoa huko huko, wamekipiga picha wamekiuza mtandaoni. Kinachokuja kwetu ni kile ambacho mzungu wa kwanza kakikataa, wa pili kakikataa. Mtu ananiambia Robota umebadilika, siku hizi mzigo wako mbovu. Mimi nafuma nguo?

---

Kamera_Gikomba:

Robota amenena. Huku Gikomba, Nairobi, tulikuwa tunaamka saa kumi na moja kupata kamera, zile nguo bora za kwanza, wakifungua bale, siku hizi bana unalipia kamera unapewa fagia, yale mabaki ya mwisho. Sasa najua ni nani amekula kamera: ni hao wa kabati ya glasi. 😂

MamaWawili pole, lakini koti ya zipu mbovu eleven pounds, hapana. Hiyo hata mimi na roho yangu ngumu siwezi.

---

Mama_Pacha_Leeds:

Acheni siasa za marobota, mwenzetu baridi inamkuta. Mimi nina mapacha, nijibu swali la pili.

Nguo za watoto: usinunue chariti, labda uikute kwenye kikapu cha pauni moja. Nguo na viatu vipya vya watoto nchi hii havina VAT, kwa hiyo supamaketi zinauza rahisi na mtumba haupati nafasi ya kushindana. Vinted, programu ya kuuziana nguo zilizotumika, ingia jioni, tafuta wanaouza nguo kwa fungu: mama mmoja anamaliza kabati la mtoto wa miaka 7 lote kwa bei ya makoti mawili ya dukani. Hapo unaruhusiwa kupatana, kuna kitufe kabisa cha kutoa ofa. Piga hesabu ya posta na ile ada yao ya mnunuzi kabla hujafurahi.

Sare za shule usiguse dukani kabla hujauliza ofisi ya shule. Tangu sheria ya 2021 ya gharama za sare, mwongozo wa serikali kwa shule za England ni kwamba sare zilizotumika ziwe zinapatikana kwa wazazi. Mapacha wangu sweta zao zote zimetoka kwenye meza ya wazazi siku ya maonyesho ya shule, peni hamsini kila moja.

Vyombo, baiskeli, midoli: masoko ya Jumapili asubuhi ambako watu wanaegesha magari uwanjani na kuuza kutoka kwenye buti. Nenda mapema kwa vitu vizuri, au nenda wakati wanafunga, hapo mtu hataki kurudi na sufuria nyumbani. Patana mpaka uchoke, hakuna atakayekutazama vibaya. Msimu wake ni kuanzia majira ya kuchipua hadi vuli, kwa hiyo kimbia sasa. Freecycle na makundi ya mtaa ya Facebook wanatoa bure, ila uwe na wa kukubebea.

Chariti mimi naingia kwa ajili ya vitu vitatu: koti la mtu mzima la sufu, vitabu vya watoto, na samani za mbao. Ukiona lebo ya St Michael ndani ya sweta, hiyo ni Marks & Spencer ya zamani, chukua, haifi.

Kitu kimoja msikinunue kuukuu popote: kiti cha mtoto cha gari. Hujui kama kimeshapata ajali.

---

Bi_Stima:

Niongeze kwa Mama Pacha. Birika, pasi na vitu vya umeme, chariti wanavipima usalama kabla ya kuviuza, sokoni kwenye buti hakuna anayepima. Kwa hivyo hapo pauni mbili za ziada mimi nalipa. Sofa nayo igeuze utazame lebo ya kudumu ya usalama wa moto, bila hiyo sisi hatuipokei kabisa. Na ukinunua chariti kitu kikawa hakifanyi kazi, una haki ya kurudisha kama duka lolote, Sheria ya Haki za Mlaji ya 2015 haisemi mtumba hauhesabiki. Tunza risiti.

Swali la tatu: hiyo mifuko ukiamua kuwapa, na kama wewe au mume anakatwa kodi ya mapato, huyo ajaze fomu ya Gift Aid. Kila pauni itakayopatikana kwenye vitu vyenu serikali inawaongezea hao chariti peni 25. Utaona wanabandika stika yenye namba yako kwenye mfuko, na baadaye wanakuandikia vimeuzwa kiasi gani. Mimi mwenyewe nguo nzuri za watoto napeleka baby bank, kwa sababu najua zinakwenda mwilini moja kwa moja. Chariti napeleka sahani na vitabu.

---

Mchumi_wa_Mtaa:

Sawa, nimewasoma. Ila pipa la kwenda nyumbani hamjamjibu.

---

Robota_Karume:

Pipa lenyewe kulisafirisha ni gharama. Kama linakwenda kwa sababu nyingine na lina nafasi, jaza nguo kwenye mapengo, mama zetu watafurahi. Kukodi pipa kwa ajili ya nguo za mtoto wa miaka 3 ni kujitafutia hasara, njoo ununue kwangu nikupelekee kwa mama yako kwa bodaboda.

---

MamaWawili:

Jamani ahsanteni, Mungu awabariki. Kesho nikimpeleka mkubwa namwona mwalimu kuhusu baby bank, mume nimemsomea ile ya fedha za umma akasema hata yeye alikuwa anaogopa. Nguo za mdogo zinakwenda huko huko. Lile koti nimelipitia leo bado linaning'inia, nimemwita meneja nimemuonyesha zipu. Kashuka hadi pauni 9. Nimeliacha.

---

Mama_Pacha_Leeds:

😂😂 Waache walipeleke kwa Robota. Niandikie inbox kipimo cha mkubwa, nina mawili ya miaka 7-8 hayajavaliwa sana, utalipa posta tu.

---

Robota_Karume:

Zipu mbovu silipokei.