Ukoo wa Bi Sharifa: magunia ya Shaibu

[05:41] Dada Somoe: Asalaam aleikum. Jana usiku nimeandika, mmesoma, kimya. Shaibu yuko ndani. Kila mtu ajibu kabla ya saa moja.

[05:58] Issa: Waaleikum salaam. Ndani ya wapi

[05:59] Dada Somoe: Issa usinianze asubuhi. Kituoni. Wamemchukua pale kijiweni saa kumi jioni, wanasema kangomba, ananunua korosho kwa magendo.

[06:01] Issa: Shaibu huyu huyu? Hana hela ya kununua hata bibo 😂

[06:09] Hadija: Shemeji, hapa hakuna mchezo. Wamekuja nyumbani saa nne usiku, watoto wamelala. Ufunguo wa stoo waliutoa mfukoni mwake huko huko. Wamefungua, wamebeba magunia matatu ya korosho. Karatasi hakuna. Na mmoja, mwanaume, akaniambia nifungue kanga aone kama nimeficha hela.

[06:10] Dada Somoe: Ukafungua??

[06:11] Hadija: Nilipiga yowe majirani wakatoka. Akaacha.

[06:12] Dada Somoe: Rashidi. Wewe si uko kwa wakili? Sema kitu mdogo wangu.

[06:15] Shem Nassoro: Poleni sana

[06:20] Twaha Dar: Bila hati hawaruhusiwi hata kufungua simu yake! Mahakama Kuu iliamua

[06:37] Rashidi: Twaha hiyo ni Marekani, kesi ya Riley, 2014. Magomeni yetu ya Mtwara haiko California. Sisi tuna Sura ya 20, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Niko kwenye bajaji naandika vipande vipande.

[06:39] Rashidi: Kumpekua mifukoni pale kijiweni, haki yao. Mtu akishakamatwa askari anampekua mwilini na kuhifadhi alichonacho, anabakiziwa nguo. Hati haihitajiki. Kwa hiyo kuuchukua ufunguo ni sawa.

[06:42] Rashidi: Lakini ufunguo si hati ya upekuzi. Maskani ya mtu yanalindwa mpaka na Katiba, ibara ya 16. Askari anakuja na idhini ya maandishi ya mkuu wa kituo au hati ya mahakama, na upekuzi unafanywa kuanzia jua kuchomoza mpaka kuzama, labda mahakama iruhusu usiku.

[06:43] Issa: Kumbe uraka wa Shem uko hatarini mchana tu

[06:44] Shem Nassoro: Uraka gani

[06:44] Issa: Ule wa nyuma ya banda. Jana wameupita makusudi, nani anataka kulewa kazini

[06:45] Shem Nassoro: Nyinyi Wamakonde mtakufa na utani

[06:45] Dada Somoe: ISSA.

[06:51] Rashidi: Watasema ilikuwa dharura. Dharura ipo kisheria, wanaingia bila hati kama jambo ni zito na kuchelewa kunapoteza ushahidi. Ila wamemkamata saa kumi, wamekuja saa nne. Saa sita nzima, na ufunguo wanao wao! Dharura gani inangoja watu waswali Isha walale? Mahakama ya Rufani imeshaondoa vielelezo kwenye kesi kwa upekuzi wa namna hiyo.

[06:52] Dada Somoe: Kwa hiyo anatoka leo!

[06:55] Rashidi: Sijasema hivyo dada. Upekuzi mbovu peke yake haufuti kesi. Hakimu ndiye anayepima akipokee kielelezo au akikatae. Hayo ni ya mahakamani. Mkienda kaunta kuwasomesha askari sheria mtaharibu.

[06:56] Rashidi: Hadija, walikupa risiti ya magunia? Nani alishuhudia? Na suala la kanga usiliache. Mwanamke anapekuliwa na mwanamke mwenzake, kwa staha. Mtafute jirani aliyeona.

[07:03] Hadija: Risiti sikupewa. Kuna daftari nilisaini. Sikusoma, mwanga ulikuwa wa simu.

[07:04] Rashidi: Ulisaini nini Hadija

[07:20] Bakari Masasi: Nimesoma yote. Huo mchango wa wakili mnaomba kwa nani? Maana 2018 kwenye uhakiki wa wakulima wa korosho, mzigo wa mama umekwama, Shaibu alisimama mbele ya watu akasema shamba la Nanyamba halijui.

[07:21] Dada Somoe: Bakari si leo.

[07:21] Bakari Masasi: Lini sasa? Kila siku si leo.

[07:24] Hadija: Na aliyemtuma aseme vile yumo humu.

[07:25] Dada Somoe: (ujumbe umefutwa)

[07:26] Issa: Dada tumeshasoma

[07:48] Mjomba Salumu: (ujumbe wa sauti, 1:04)

[07:50] Twaha Dar: Niko ofisini siwezi kusikiliza, mtu aandike

[07:55] Rashidi: Mjomba anasema, mama yenu hajatia kitu mdomoni tangu jana. Bakari, shamba lile ni mimi wa kulisema, na sijalisema. Na kabla hamjachanga hata mia, Hadija aje aniambie mimi, si humu, magunia matatu yametoka wapi. Mikorosho ya Shaibu mwaka huu anaijua.

[09:10] Hadija: Nakuja mjomba.

[09:15] Dada Somoe: Haya. Wote mmeona. Leo Ijumaa, saa kumi jioni zinatimia saa 24, apelekwe mahakamani au apewe dhamana. Nani anakwenda?

[09:22] Rashidi: Mimi baada ya swala. Wakili yuko Lindi kwenye kesi. Mdhamini aje na kitambulisho na barua ya mtaa. Na dhamana ya polisi hailipiwi, asitoe mtu hela.

[09:24] Issa: Nadhamini mimi. Ila NIDA nina namba tu, kadi haijatoka

[09:31] Bakari Masasi: Natuma elfu ishirini. Ya wakili, si ya Shaibu.

[09:31] Dada Somoe: Ni wakili WA Shaibu.

[09:32] Bakari Masasi: Nimesema ya wakili.

[09:40] Twaha Dar: Mimi mwisho wa mwezi inshallah

[09:58] Dada Somoe: Mwenyekiti wa mtaa yuko mnadani, hapatikani. Kuna anayefahamiana na mjumbe atuandikie barua?

[10:06] Shem Nassoro: Mjumbe ndiye aliyewaonyesha nyumba jana

[10:06] Dada Somoe: Nani kasema? Shem nipigie.

[10:19] Rashidi: Na barua?